Mala fides: kabla hujaiandika kwenye hati ya madai

Wanaoanza kazi ya sheria huipenda mno mala fides. Mdaiwa kachelewa kulipa, mala fides. Ofisi imekataa maombi, mala fides. Majaji huichoka upesi, na wana haki.

Maana yake ni nia mbaya, kinyume cha bona fides, yaani nia njema. Kazi iko kwenye kuithibitisha. Sheria huanza kwa kumdhania mtu nia njema, na anayedai vingine ndiye alete ushahidi. Kanuni ya Madai ya Ufaransa inalisema hilo waziwazi katika kifungu cha 2274. Kwa hiyo uzembe, hata uliokithiri, peke yake hautoshi. Onyesha kwamba mtu alijua, au alikuwa na lake jambo.

Tena uliza alijua lini. Katika sheria ya Kirumi, aliyepokea mali kwa nia njema hakuharibikiwa na kugundua baadaye kwamba aliyempa hakuwa mwenye mali. Muda wake wa kukaa nayo, ambao ukitimia mali huwa yake kisheria, uliendelea kuhesabiwa. Kanisa Katoliki lilikataa: Mtaguso wa Nne wa Laterano, mkutano wake mkuu wa maaskofu wa mwaka 1215, ulitaka nia iwe njema mwanzo hadi mwisho. Ukweli uleule, majibu mawili, kwa sababu tu ya wakati ambao nia inapimwa.

Kesi ninayowapa wageni wote waisome ni Roncarelli dhidi ya Duplessis, ya Mahakama ya Juu ya Kanada, 1959. Frank Roncarelli alikuwa na mgahawa Montreal, akawa anawawekea dhamana Mashahidi wa Yehova wenzake waliokamatwa wakigawa machapisho. Mwaka 1946 akafutiwa leseni ya pombe kwa agizo la Maurice Duplessis, waziri mkuu wa Quebec. Tume ya pombe ilikuwa na mamlaka ya kufuta leseni, hilo halikubishaniwa. Lakini dhamana na pombe vinahusiana nini? Duplessis huenda aliamini anatimiza wajibu. Haikumsaidia. Kwa Jaji Rand, mmoja wa walioiamua kesi hiyo, ubaya wa nia ulikuwa kutumia mamlaka kwa sababu ambayo mwenyewe unajua iko nje ya kusudi la sheria iliyokupa. Chuki si lazima. (Na tusisahau: Duplessis alikuwa ametangaza hadharani kwamba agizo ni lake. Shahidi wa namna hiyo humpati kila siku.)

Basi ukiandika, weka matukio: nani alisema nini, tarehe ipi, barua ipi ilitangulia ipi. Aya inayosema tu "mlalamikiwa alitenda kwa mala fides" ni tusi, si hoja. Ukimtuhumu ofisa binafsi, mtaje na umuunganishe kwenye shauri ili ajibu mwenyewe. Na kama ulichonacho ni kwamba hakumsikiliza mteja wako, au alivuka mipaka ya madaraka yake, dai hicho hicho. Uamuzi utaweza kutenguliwa bila wewe kuhangaika kuthibitisha kilichokuwa moyoni mwake.