Niliila ada ya mdogo wangu

"Shangazi, shikamoo. Nina miaka 43. Nilipokuwa na miaka 20 wazazi walinikabidhi ada ya mdogo wangu niipeleke shuleni. Niliila na mwanamume niliyedhani atanioa, nikadai nimeibiwa. Mdogo wangu akakaa nyumbani mwaka mzima. Nimeokoka na nimetubu mara nyingi, ila kila akinipigia simu moyo hunilipuka. Huwa namtumia hela bila kusema ni za nini. Je, Mungu amenisamehe kweli?"

Marahaba, mwanangu.

Katika barua yako kilichonishika zaidi ya ile ada ni hizo hela unazotuma. Wewe unazituma kama deni, yeye anazipokea kama zawadi. Akikushukuru, asante yake inakuchoma upya. Hapo ndipo ulipokwama.

Kwa Mungu sitakaa sana. Mwenye Zaburi ya 25 aliomba makosa ya ujana wake yasikumbukwe, nawe umeshaomba hivyo. Ukirudia kesi ileile kila Jumapili, ni kama hukusikia ulipojibiwa.

Ila mdogo wako hujamwomba hata mara moja! Msome Zakayo, Luka 19. Aliahidi mbele ya watu kuwarudishia mara nne aliowadhulumu. Wewe kurudisha umeanza, umebakiza kutamka.

Nenda kwake, usilimalize kwa simu. Mkiwa wawili tu, mwambie: "Ile ada sikuibiwa. Niliila mimi, wewe ukapoteza mwaka. Nisamehe." Kisha nyamaza. Habari za mwanamume aliyekulaghai ziache kwanza, maana ukianza nazo, mdogo wako ndiye atakayeishia kukubembeleza.

Huenda akacheka, akasema alijua siku nyingi (wadogo zetu hujua mengi kuliko tunavyodhani). Huenda pia akakasirika, akakaa miezi hapokei simu zako. Usimharakishe, wala usimtumie mchungaji akamsomee mistari ya kusamehe. Wewe umelizoea jambo hili kwa miaka 23, yeye ndiyo kwanza analisikia kinywani mwako. Wazazi, kama wapo, waambie baada yake.

Na yule binti wa miaka 20 mhurumie kidogo. Alipenda pasipopendeka, akaogopa, akadanganya. Leo ungemkuta ni binti wa jirani, ungemkanya na bado ungempa chakula.

Hela endelea kutuma, mdogo wako akiridhia. Safari hii mwambie ni za nini.

Shangazi