Fuata maji, tega upepo: kwa wote mnaoniuliza kuhusu Danube

Wiki ilopita nimepata meseji ya dada mmoja wa Kisauni. Mwakani anaenda Ujerumani kwa mafunzo ya kazi, akimaliza ana likizo, na anasema kaka nimeziona picha zako za baiskeli kando ya ule mto Danube nami nataka, lakini mimi kilima cha Kombani kupanda Kwale tu hunishusha nikasukuma, je ntaweza? Nilimjibu kwa mkato tu, utaweza. Alafu nikafikiria, maswali kama haya yananijia kila mara, na wengi wenu najua mnaitaka safari kama ile hata kama hamsemi, basi wacha niliseme lote hapa lieleweke.

Kwanza mjue, mimi si mtu wa milima na sijawahi kuwa. Kuna gurupu moja la baiskeli hapa Mombasa nlikuwa natoka nayo Jumapili alfajiri, tukivuka Nyali pamoja vizuri tu mpaka tukianza kupanda kuelekea Mazeras, hapo ndipo mnajua nani ni nani, manake malori yanakupumulia mgongoni na wenzako washapotea mbele. Siku moja kuna aliyenipiga picha nikisukuma, akaitia kwenye WhatsApp na maneno "mtalii wa tambarare", watu wakacheka wee, hata wale niliokuwa nawanunulia maji. Nikatoka kwenye gurupu bila kuaga. Sijarudi, na hata wakinibembeleza sirudi. Lakini lile jina nalishukuru, manake ndilo lilonifanya niende kutafuta hiyo tambarare yenyewe iko wapi duniani.

Iko Austria. Mto Danube unaanzia Msitu Mweusi huko Ujerumani na kwenda kumwagika Bahari Nyeusi, karibu kilomita 2,850, na kando yake kuna njia ya baiskeli ambayo kipande chake maarufu ni kutoka Passau, mji wa Ujerumani pale mpakani, hadi Vienna, mji mkuu wa Austria, zaidi ya kilomita 300. Sasa sikilizeni kwa nini haina milima. Zamani kabla ya injini, mashua za mizigo zilikuwa zikivutwa na farasi kupanda mto, farasi wanatembea ukingoni na kamba, na zile njia za farasi ndizo nyingi zilogeuzwa kuwa njia za baiskeli. Farasi anayevuta chombo kizima cha chumvi hapelekwi kilimani, anapelekwa kando ya maji. Na mto wenyewe katika umbali wote huo unashuka mita mia na kitu tu. Yaani ni kama uteremke Mombasa hadi kupita Malindi na kurudi, na huhisi kama unateremka, unahisi tu miguu haikulaumu.

Mambo ya viza sitayaeleza, kila mtu anajua ile shughuli ya karatasi za benki na barua ya mwaliko. Nina binamu yangu Munich, Mungu amzidishie, yeye ndiye aliyenisimamia. Baiskeli nilikodi Passau, kuna wanaokodisha ukaiachia Vienna, usijisumbue kubeba yako kwa ndege.

Passau yenyewe ni mji wa mito mitatu, Inn, Ilz na Danube vinakutana pale kwenye ncha, na unaona rangi za maji hazijakubali kuchanganyika, huku kijani huku nyeusi. Nilikaa pale kwenye ncha muda mrefu kuliko inavyostahili mtu mwenye safari. Baada ya hapo ni msitu, mto na kengele za baiskeli za wazee. Wazee wengi sana! Mabibi wa miaka sabini wananipita huku wanapiga soga, wallahi, na hakuna aliyenicheka. Pale Schlögen mto unajikunja mpaka unaonekana kama umebadilisha nia na kurudi ulikotoka, na kuna vivuko vidogo vya watu na baiskeli tu. Sisi watoto wa Likoni feri hatuogopi, lakini hii ya huko unapiga kengele na mzee anakuja kukuchukua peke yako. Hakuna kusukumana. Nilitaka kulia.

Sehemu za katikati sina la kusema, ni mashamba na mabwawa ya umeme, unavuka mto juu ya bwawa ukitaka kuhamia ng'ambo, basi.

Ila Mauthausen lazima niiseme. Iko ukingoni baada ya Linz, kijiji kizuri tu, na juu ya kilima chake ndiko kulikokuwa na kambi ya Wanazi tangu 1938 hadi 1945. Ule ndio mpando wa pekee wa maana nilioufanya safari nzima na nilisukuma kutoka chini hadi juu, sikuona aibu. Kuna machimbo ya mawe yenye ngazi 186 ambazo wafungwa walikuwa wakipandishwa na mawe mgongoni mpaka wanakufa. Wengi wa waendesha baiskeli wanapita chini bila kupanda kwa sababu kuna kilima. Mimi nasema pandeni.

Alafu Wachau, bonde la kati ya Melk na Krems, UNESCO waliliingiza kwenye urithi wa dunia mwaka 2000. Zabibu kwenye matuta ya mawe, miti ya aprikoti barabarani, na pale Dürnstein juu kuna gofu la ngome alikofungwa mfalme Richard wa Uingereza mwaka 1192 akirudi kutoka vita vya msalaba. Nikanunua aprikoti mfuko mzima nikala nimekaa kwenye nyasi. Picha mlizoziona ni za hapo.

Sasa ushauri, manake mtasema huyu amekuja kujisifu tu. (Na kujisifu pia nimekuja, sikatai.)

Jambo kubwa ni upepo. Kabla hujauliza kilomita ngapi uliza upepo unatoka wapi. Bonde lile upepo wake mara nyingi hutoka magharibi na mto unaelekea mashariki, ndio maana karibu kila mtu huanzia Passau kwenda Vienna na si kinyume. Nilikutana na kijana mmoja anakuja kinyume, ana misuli kama ya wale wa gurupu langu la zamani, uso umemkauka. Kushindana na upepo kwenye tambarare ni kama kuogelea na jinzi, huendi na huzami. Kilima angalau kina mwisho.

Na hili sisi watu wa pwani tusingehitaji kufundishwa, babu zetu walikwenda Uarabuni na kurudi kwa kujua kusi na kaskazi tu. Lakini nawaona vijana mwezi wa pili, kaskazi linavuma, wanatoka Mombasa kwenda Malindi na vichwa chini, wanafika Kilifi wamekwisha. Mwezi wa pili panda basi na baiskeli yako hadi Malindi, alafu rudi nayo na upepo mgongoni. Ikifika mwezi wa saba kusi limeshika, hapo ndipo uende, na ukifika Malindi usiishie mjini, songa mbele kidogo hadi daraja la Sabaki ukaone mto mkubwa wa kwetu ukiingia baharini na matope yake yote na ndege. Ni maji yaleyale yanayotoka huko juu Athi, yakipita Tsavo kama Galana. Tuna mto, jamani.

Wanaotaka kuendesha kando ya maziwa nao nina neno. Kuna ziwa Bodensee, limepakana na Ujerumani, Uswisi na Austria, watu huzunguka lote kwa baiskeli. Huko wanaendesha kulia, kwa hiyo ukizunguka mwendo wa saa ziwa linabaki upande wako na magari upande wa pili. Hapa kwetu tunaendesha kushoto, basi Naivasha fanya kinyume cha saa. Na Naivasha usitoke Mombasa leo ukaendesha kesho, kule ni karibu mita 1,900 juu ya bahari na mapafu yetu yamezoea sifuri, lala kwanza. Jioni usibaki kandokando ya ziwa, viboko wanatoka kula. Hell's Gate wanakuruhusu kuingia na baiskeli na pundamilia wako hapo hapo, nenda.

Vingine ni vidogo. Jumapili maduka mengi ya Austria na Ujerumani yamefungwa, nunua mkate Jumamosi. Nyama ya halali tafuta kwa Waturuki, Linz na Vienna wako. Mwezi wa sita sala ya Magharibi inaingia karibu saa tatu ya usiku, kwa hiyo mchana unao mwingi, usikimbize. Narudia, usikimbize. Na upepo, tazama upepo.

Ndugu zangu, tatizo letu tunafanya kila kitu mashindano. Mtu ananunua baiskeli leo, kesho anataka kujua nani kamwacha nani pale Mazeras, mwezi ukiisha baiskeli inaning'inia ukutani na anauza kofia mtandaoni. Nani kawaambia baiskeli ni ya kuonyeshana? Wale walionicheka najua baadhi yenu mnasoma hapa. Niambieni, mmefika wapi? Mmefika Mariakani. Kila Jumapili Mariakani. Mna miguu ya chuma na hamjawahi kuona kitu zaidi ya mgongo wa mwenzenu aliye mbele. Kijana, kama una nguvu shukuru, lakini usimfanye asiye nazo aone ameharamishiwa barabara. Mtangulieni mngoje, mpeni maji. Ni hilo tu nilikuwa nalitaka kwenu.

Basi. Dada wa Kisauni, umeniambia tarehe zako ni mwezi wa saba, ndio msimu wa aprikoti Wachau, lakini pia ndio msimu wa watu, vyumba vya kando ya mto hujaa, kwa hiyo weka nafasi mapema hasa Melk na Krems. Mazoezi fanya ya kukaa, si ya kupanda: Likoni hadi Diani na kurudi, polepole, mara kwa mara, mpaka makalio yazoee. Baiskeli za kukodi ni nzuri lakini siti zake mimi zilinitesa kuliko kilomita. Beba siti yako kwenye begi, na spana yake.