Muulize Shangazi: Kibali cha bafu ni cha nini, kwani najenga ghorofa?

Wanangu habari za huko. Sijui ni masika ndo yanakaribia au vipi, ila barua za safari hii karibu zote ni za vyoo na mabafu, na nyingi zimetoka Bagamoyo, basi nimeona nizijibu pamoja. Nimezifupisha kidogo, msininunie.

*Shangazi shikamoo. Tupo Dunda, Mji Mkongwe, tumeachiwa nyumba na marehemu babu, zile za mawe ya zamani zenye baraza mbele. Choo kiko uani mpaka leo. Mama mtu mzima sasa, magoti yanamsumbua, usiku kutoka kwenda uani ni shughuli, tukakubaliana ndugu tuvunje kistoo cha ndani tuweke bafu na choo cha kukaa. Fundi anasema kibali cha nini, hiyo kazi ya ndani nani atajua. Na ule mlango wa nakshi wa kistoo anautaka yeye, ana mteja Dar, hela atakata kwenye ufundi. Ndugu mmoja kagoma, kasema tuulize kwanza. Hivi kweli kabafu ka futi sita kwa nane kanataka kibali? – Mjukuu, Dunda*

Marahaba mwanangu. Huyo ndugu aliyegoma mnunulieni soda, kawaokoa.

Tuanze na hilo la nani atajua. Wewe unakaa Mji Mkongwe, vichochoro vyenyewe mnapishana kwa mabega, sasa mkivunja ukuta wa mawe ya matumbawe kifusi mtakiweka wapi kama siyo hapo barazani? Siku ya kwanza tu mtaa mzima unajua, siku ya pili na ofisi inajua. Na wakija hawamuulizi fundi, wanamuuliza mwenye nyumba, fundi saa hiyo yuko saiti nyingine simu haipokelewi.

Sasa sheria. Mji Mkongwe wa Bagamoyo ni eneo la hifadhi, lilitangazwa 1983 chini ya Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, kwa hiyo nyinyi mna milango miwili ya kubisha na siyo mmoja kama wenzenu wa Magomeni ya hapohapo Bagamoyo. Kuna halmashauri kwa ajili ya kibali cha ujenzi, halafu kuna watu wa Malikale, ile idara ya serikali inayolinda majengo na vitu vya kale. Ushauri wangu anzeni Malikale. Waje waangalie, wawaambie ukuta gani haushikwi na upi unaruhusiwa, ndo mkachorewe mchoro, maana mkianza na mchoro af Malikale wakaukataa mtamlipa mchoraji mara ya pili na hiyo hela si ndo ya masinki.

Kingine ambacho naona hamjakifikiria, nyumba bado ni jina la babu. Halmashauri wataomba uthibitisho wa umiliki, hamuwezi kwenda ndugu wanne kila mtu anasema nyumba ni yetu. Kama mirathi haijafunguliwa, kaeni kikao cha familia, andikeni muhtasari, mchague msimamizi, mwende mahakama ya mwanzo na cheti cha kifo. Akishapitishwa anapewa ile Fomu namba 4, hiyo ndo inamfanya awe na sauti ya kuombea kibali kwa niaba yenu. Najua inachosha, mama anataka choo leo, ila bila hiyo mtakwama dirishani.

Mlango. Huo mlango usitoke hapo! Sheria hiyohiyo ya 1964 inalinda milango na fremu za nakshi zilizochongwa kabla ya mwaka 1940, kuifanyia biashara au kuipeleka nje ya nchi bila ruhusa ni kosa. Mteja wa Dar anaujua thamani yake vizuri sana, na fundi naye anaujua, ndo maana anautaka. Hata kama huo wenu ni wa juzijuzi mwacheni Malikale auangalie aseme yeye. Na mkichimba mkakuta vigae vya zamani au vitu visivyoeleweka, simamisheni mripoti, msianze kugawana.

Tukija kwenye nyumba yenyewe, hapa ndo ninapotaka mnisikilize hata kama karatasi zote zitatoka. Nyumba ya matumbawe haina nguzo wala nondo, ukuta wenyewe ndo nguzo. Vyumba vyake vyembamba kwa sababu boriti za mikoko zina urefu wake, zimelala toka ukuta mpaka ukuta na vichwa vyake vimezikwa mle ndani ya ukuta. Ukuta wenyewe umejengwa kwa chokaa, unanyonya unyevu na kuutoa. Sasa leta bafu humo ndani, piga saruji kuta zote, bandika tailizi mpaka juu, unyevu utatokea wapi? Unapanda, chumvi inatoka upande wa pili chumba cha mama, plasta inabanduka kama ngozi, na vichwa vya boriti vinaoza kimyakimya humo ukutani hakuna anayeviona mpaka dari lianze kubonyea. Mafundi wengi wa siku hizi wamejifunzia kwenye tofali za bloku, chokaa hawaijui, atakwambia twende na saruji ndo imara. Kwenye nyumba ile saruji ndo adui.

Mimi ningekuwa nyie kistoo nisingekigusa. Ningejenga bafu dogo uani, limeshikana na mlango wa nyuma, na pale katikati napaezeka mama asipite kwenye mvua. Sakafu iwe usawa mmoja na ya ndani asikutane na ngazi wala kizingiti, mlango upana usipungue sentimita 90 maana leo anatembea kwa fimbo kesho anaweza kutaka kigari, na vyuma vya kushikia vifungwe pembeni ya choo kwa bolti za kweli siyo misumari. Kibali bado kinatakiwa, tena vyote viwili, ila ombi la namna hiyo ni jepesi kuliko la kutoboa ukuta wa zamani, na nyumba ya babu inabaki kavu. Kabla ya hapo pimeni njia ya bomba. Bomba la choo la inchi 4 linataka slopu kama sentimita mbili na nusu kila mita, na kila kona iwe na chemba ya kuzibulia. Halafu jiulizeni gari la majitaka litasimama wapi siku shimo limejaa, kwenye vichochoro vyenu haliingii, mpira wake una mwisho.

*Shangazi, mimi nabandua tailizi za zamani naweka mpya, nabadilisha sinki na koki, na choo cha kuchuchumaa nataka kiwe cha kukaa. Mwenyekiti wa kitongoji anasema nimtafute. Kuna kibali hapo au ananitafutia chai? – Kiromo*

Tailizi, sinki, koki, rangi, hiyo ni matengenezo ya kawaida, hayakupeleki halmashauri kuomba kibali cha ujenzi. Ila mwenyekiti usimchukulie vibaya, kumtaarifu ni ustaarabu, malori ya mchanga na kelele ni mtaani kwake, mpigie simu umweleze unafanya nini yaishe. Akitaka hela muulize ya nini na risiti iko wapi.

Hicho choo cha kukaa ndo uangalie. Kama cha sasa kinamwaga kwenye septiki kwa bomba, unabadilisha tu. Kama ni kile cha shimo la moja kwa moja chini ya jamvi, yaani zege la sakafu, basi hubadilishi choo wewe, unajenga mfumo mpya wa majitaka na hapo utaingia kwenye habari ya barua inayofuata. Na kabla tailizi hazijapangwa mlazimishe fundi apake dawa ya kuzuia maji sakafuni, azibe tundu la kutolea maji, ajaze maji kidogo yalale mpaka kesho yake. Yakipungua ujue yanapita. Ataguna huyo, mwache agune.

*Habari Shangazi. Nipo Nianjema, niliona choo cha nje kimejaa nikaamua kujenga bafu la ndani na septiki mpya. Fundi kachimba vizuri, siku tunataka kumwaga jamvi wakaja watu wa halmashauri wakapiga X nyekundu na STOP kwenye ukuta wangu, kumbe jirani kaenda kushtaki eti shimo liko karibu na kisima chake. Kiwanja changu mwenyewe, nimekinunua kihalali. Fundi toka siku hiyo hapatikani. Nifute hiyo X niendelee usiku au nifanyeje? – Nimechoka, Nianjema*

Usifute. Tena usimwage hata ndoo ya zege. Ukiendelea baada ya kusimamishwa umetoka kwenye kosa la kutojua umeingia kwenye kosa la kukaidi, na la pili ndo linakuletea barua ya kubomoa.

Kiwanja ni chako sawa, lakini maji yaliyo chini hayajui mpaka. Huku kwetu mchanga, ukichimba kidogo tu maji haya hapa, masika yakija yanapanda zaidi. Kanuni ambayo watu wa afya wanaishikilia ni angalau mita 30 kati ya shimo la choo na kisima, na kitako cha shimo kiwe juu ya usawa wa maji angalau mita moja na nusu. Kwa hiyo jirani hana kisirani, watoto wake wanakunywa hayo maji.

Najua utaniuliza, viwanja vyenyewe 20 kwa 20 mita 30 nizitoe wapi? Hilo ndo la kukaa na afisa afya mwenyewe pale uani mkiwa mmeshika futi kamba. Mara nyingi suluhu inakuwa septiki yenyewe isivuje kabisa, ya vyumba viwili, chini na pembeni zege na plasta ya kuzuia maji, halafu lile shimo la kunyonya, ambalo ndo hasa linaloachia maji ardhini, linahamishiwa kona ya mbali zaidi na kisima. Na lisiende kina kirefu, bora liwe pana. Jirani naye kisima chake kibaki cha kufulia na kumwagilia, ya kunywa avute DAWASA au ayachemshe.

Taratibu zenyewe, nenda halmashauri kitengo cha mipango miji na hiyo barua ya kusimamishwa kama walikupa, nakala ya hati au ofa ya kiwanja, risiti ya kodi ya pango la ardhi, na mchoro unaoonyesha nyumba, bafu jipya, septiki na kisima cha jirani. Kionyeshe kisima, usikifiche, si ndo wamekujia hicho. Siku hizi maombi yanaingizwa kwenye mfumo wa TAUSI wa TAMISEMI, kama simu inakusumbua watakusaidia palepale. Mchoro unazungushwa, mipango miji, ardhi, afya, mhandisi, kila mmoja anaangalia lake, kwa hiyo ulizia umekwama meza ya nani siyo kuuliza tu kimetoka. Malipo ni kwa kontroo namba, benki au simu. Anayekwambia nipe mkononi nikusukumie hiyo siyo ada ya serikali.

Kuhusu fundi wako, huyo ndo tunamwita fundi maiko, anajua kujenga, kupiga bomba, umeme na kufuga kuku. Ajaye mwandikishe makubaliano, umlipe kwa hatua, na hatua ya septiki usiilipe mpaka afisa afya aione kabla haijafunikwa.

Na tafadhali hicho choo cha nje kilichojaa usije ukakitapisha mvua ikinyesha. Naona mwandiko wako unanielekea huko. Ita gari la majitaka.

*Shangazi mume wangu kanunua hita ya kuoga ya kufunga ukutani, fundi bomba anasema atafunga na umeme wake palepale avute waya kwenye taa. Ni sawa? – Mama wawili, Magomeni*

Si sawa hata kidogo. Hita hizo zipo mpaka za kilowati 5.5, kwa umeme wetu wa volti 230 hizo ni ampea kama 24, waya wa taa utaungua ndani ya ukuta. Inataka waya wake peke yake kutoka kwenye meni swichi, mnene, milimita za mraba 4 au 6, breka yake, ile breka inayokata umeme ukivuja, na ethi rodi inayofanya kazi kweli. Mtafute fundi umeme mwenye leseni ya EWURA, mwambie akuonyeshe, asikasirike. Af mwambie na baba watoto hiyo ya 5.5 dakika kumi za kuoga zinakula karibu uniti moja ya LUKU, na nyinyi mko wanne.

*Mimi mpangaji, mwenye nyumba kaniruhusu niongeze bafu kwa hela yangu tukate kwenye kodi. Kibali naomba mimi au yeye? – Mpangaji, Kerege*

Yeye. Jina linaloenda halmashauri ni la mwenye kiwanja, wewe unaweza kuzunguka na makaratasi ila anasaini yeye. Na hilo la kukata kwenye kodi liwe kwenye maandishi, kiasi gani na miezi mingapi, mashahidi wawili, na mwenyekiti apige muhuri, kabla hujaenda dukani kuulizia bei ya saruji.