Mng'ao wa modeli ya gari hauanzii kwenye polishi

Wanaoanza kuunda modeli za magari huuliza sana wanunue polishi gani ili bodi ing'ae. Tuanzie mbali kidogo na hapo. Rangi hung'aa pale mwanga unapogonga uso ulio sawa ukarudi wote kwa pamoja. Uso wenye vijibonde huutawanya, na hapo utasugua mpaka uchoke lakini rangi itabaki imefifia. Kazi yote ya rangi, tangu plastiki ikiwa tupu, ni kutafuta usawa huo.

Tena modeli haisamehe. Kwenye kipimo cha 1/24, kijibonde cha nusu milimita ni sawa na cha milimita 12 kwenye gari halisi. Hakuna gari linalotoka kiwandani na rangi ya namna hiyo, ndiyo maana jicho hugundua mara moja kwamba hiki ni kidude cha plastiki.

Osha bodi kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo, kwa sababu plastiki huweza kutoka kiwandani na mafuta ya kalibu (umbo ambamo plastiki humiminwa), na rangi haishiki penye mafuta. Kisha tafuta mistari ya kalibu, ile inayobaki pale pande za kalibu zilipokutana. Mara nyingi hupita juu ya mabawa ya magurudumu na kwenye pembe za bampa. Pitisha ukucha, utaihisi hata kama huioni. Ikwangue kwa kisu, malizia na msasa. Mifereji ya milango na boneti nayo ichimbue kidogo, maana praima (rangi ya msingi inayotangulia), rangi na laka angavu ya juu vikijazana humo, mlango utaonekana umechorwa tu.

Praima ipige nyembamba, halafu uitazame chini ya taa ukiwa umeinamisha bodi. Mikwaruzo usiyoiona kwenye plastiki hujitokeza hapo. Isawazishe sasa, kwa msasa wa maji wa namba 1500 au 2000. Usijidanganye kwamba rangi itaficha. Kwa njano au nyekundu tumia praima nyeupe. Juu ya kijivu rangi hizo hupooza.

Sasa kupuliza. Kama unatumia kopo la rangi ya kupuliza, liweke dakika chache kwenye maji ya uvuguvugu ambayo mkono unayavumilia. Rangi inakuwa nyepesi, shinikizo linapanda kidogo, na matone yanatoka madogo zaidi. Usilipashe motoni wala kwenye maji yanayochemka: kopo hulipuka. Litikise vizuri, kisha puliza kutoka umbali wa sentimita 15 hadi 20. Anza kubonyeza kabla ya kufika kwenye bodi na uachie ukishaipita, kwa sababu kopo hutema matone makubwa linapoanza na linapoacha.

Mkono wa kwanza wa rangi, yaani tabaka la kwanza, uwe kama vumbi tu. Plastiki itaonekana bado, na hapo ndipo wengi hukosa subira wakajaza. Iache. Anza na kingo na sehemu za ndani za pembe, kisha paa, boneti na ubavu. Mkono wa mwisho ndio wa majimaji, na huo ndio mgumu kuufundisha kwa maneno. Weka taa mahali ambapo utaona taswira yake juu ya rangi. Mwanzoni taswira inakuwa na chengachenga, kwa kuwa matone yamekaa kila moja peke yake. Ukipita polepole kidogo, utaona matone yanaungana na taswira ya taa inanyooka. Hapo hapo songa mbele. Ukikawia, rangi inateremka na kuacha michirizi.

Uso ukitoka kama ganda la chungwa, mara nyingi umepuliza kutoka mbali mno na rangi ikaanza kukauka kabla haijatandazika, au rangi yenyewe ni nzito. Na usipulize laka siku ya unyevunyevu mwingi: huingiwa na ukungu mweupe. Ukimaliza, funika bodi kwa boksi safi. Unywele ukitua kwenye rangi mbichi, usiuguse. Utauondoa kwa msasa rangi ikikauka.

Kuhusu usalama nitasema kwa ufupi lakini nimeshikilia: barakoa yenye vichujio vya mvuke wa kemikali, mahali penye hewa, na pasiwe na moto wowote karibu. Barakoa ya kitambaa haizuii mvuke wa thina, kimiminika cha kuyeyushia rangi.

Kukauka kunawashinda watu kuliko kupuliza. Uso usionata haujakauka. Umefunga juu tu. Nusa bodi kwa karibu: kama bado inanuka thina, iache. Rangi ya enameli huhitaji siku nyingi kuliko laka. Pia usipige laka yenye thina kali juu ya enameli, kwani enameli hujikunja. Jaribu kwanza mchanganyiko wowote mpya juu ya kijiko cha plastiki.

Bodi ikishakauka kabisa, ndipo msasa wa maji kuanzia namba 2000 kwenda juu, pamoja na tone la sabuni, kisha kompaundi laini (dawa ya kusugulia mng'ao) na kitambaa cha pamba. Rangi ya metaliki usiiguse kwa msasa. Ipige laka angavu juu, usugue hiyo laka peke yake, la sivyo chembe zinazometa zitavurugika na kuacha mabaka. Kwenye stika za maji, mikono ya kwanza ya laka iwe mikavu sana, kwa sababu laka ya majimaji huziyeyusha.

Kila unaposugua, jihadhari na kingo za mabawa na migongo ya boneti. Rangi hukaa nyembamba hapo, na mara mbili tatu za msasa zinatosha kufichua praima. Bandika utepe mwembamba juu ya kingo hizo, sugua sehemu bapa kwanza, kisha toa utepe na umalizie kingo kwa kompaundi pekee, kwa ncha ya kidole.