Ujasiriamali hauhitaji kipindi chake

Ratiba imejaa. Kipindi cha ujasiriamali nikiweke wapi? (Mwalimu wa Hisabati, Singida)

Usikiweke popote. Fundisha hisabati yako, ila mifano itoke jikoni. Tuseme unga, sukari, hamira na mafuta ni shilingi 5,400, yanatoka maandazi 40. Mtoto atagawanya apate 135, auze kwa 150 akidhani amepata faida. Muulize mkaa wa 1,000 ameuweka wapi. Kumbe kila andazi limemgharimu 160, anauza kwa hasara ya shilingi 10. Mama lishe wangapi wanakula mtaji wao hivyo hivyo, na shule walisoma! Hapo hujamhesabia hata saa alizoamka alfajiri.

Mtaji tutapata wapi?

Barua hii hainiishi mezani. Kumtuma mwanafunzi aulize bei ya nyanya kwa wauzaji watatu kunataka mtaji gani? Someni majibu yaliyotangulia kabla ya kuandika.

Watoto wetu wanapalilia bustani ya shule kila wiki. Si ndio ujasiriamali huo? (Mzazi, Tanga)

Mchicha unauzwa na nani? Bei aliipanga nani? Fedha zimeandikwa kwenye daftari gani, na mwanao amewahi kulishika? Kama hajui, anafanya kibarua bila ujira. Mwalimu Nyerere, katika Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967, alitaka wanafunzi washiriki kuamua mambo ya shamba lao na waonje wenyewe matunda ya uamuzi mzuri au mbaya. Sisi tukashika jembe, daftari tukaliacha ofisini. Na tafadhali, kulima kusitumike kama adhabu: mtoto aliyeadhibiwa kwa jembe hatakipenda kilimo ukubwani. Nenda kikao cha wazazi, omba hesabu za bustani zisomwe mbele ya watoto.

Kiswahili kinahusikaje?

Tangazo, barua ya maombi, kumbukumbu za kikao, kupatana bei bila kutukanana.

Wanafunzi wauziane vitafunwa wakati wa mapumziko?

Hapana. Asiye na hela ataanza kukopa, na deni la darasani huzaa ugomvi.

Shule yetu haina mkondo wa amali (wa masomo ya ufundi na kazi) ulioanza na mtaala mpya mwaka 2024. Tusubiri?

Msisubiri. Mkifika kwenye uhifadhi wa chakula katika sayansi, kausheni kilo moja ya mboga, mpime tena ikishakauka, kisha darasa lipange bei ya kilichobaki.