Shangazi wa Vitabu: riwaya ya upelelezi mnaipa nne, kisa haina dhamira?

Haya wapendwa, mwezi huu barua zimekuja nyingi na karibu zote zinauliza jambo moja kwa midomo tofauti, nitajuaje kitabu hiki ni kizuri au nimepoteza hela. Nimechukua sita, zingine ziko foleni. Na jamani msinitumie meseji saa sita usiku kuuliza kama barua zenu zimefika, zimefika.

Shikamoo Shangazi. Hapa Morogoro tuko saba, tuna kigrupu chetu cha kusoma, kila mwezi kitabu kimoja halafu kila mtu anakipa maksi kati ya kumi. Mwezi uliopita ilikuwa riwaya ya upelelezi, mimi nikaipa tisa maana niliimaliza siku mbili na ugali ukaungua jikoni. Mwenzetu mmoja ni mwalimu wa fasihi, akaipa nne, anasema haina dhamira nzito na wahusika ni bapa, yaani hawana undani. Tumebishana mpaka grupu limenuna. Nani yuko sahihi? (Ugali Uliungua, Morogoro)

Marahaba mwanangu. Kwanza ugali ulioungua nao ni ushahidi, asiudharau mtu.

Mwalimu wenu simlaumu sana, maana wengi wetu tumefundishwa kusoma hadithi kwa ajili ya mtihani, taja dhamira tatu, onyesha tamathali za semi, jadili nafasi ya mwanamke, halafu shule imeisha miaka ishirini iliyopita na bado tunasoma kila kitu kama vile kuna mtu atakuja kusahihisha. Sasa riwaya ya upelelezi haikukuahidi dhamira nzito. Ilikuahidi hivi: kuna mtu kafa, kuna aliyemuua, nitakuwekea kila kitu mezani mbele ya macho yako na bado hutamjua mpaka mwisho. Basi mpime kwenye ahadi hiyo. Ukimaliza kitabu rudi nyuma. Kama muuaji ni yule bwana wa ukurasa wa 12 aliyekataa chai siku ya msiba wakati siku zote anakunywa vikombe vitatu, na wewe ile sentensi uliisoma ukaipita kama kibao cha barabarani, hapo mwandishi kakushinda kihalali, mpe maksi zake. Lakini kama muuaji anaibuka ukurasa wa 140, mtu ambaye hatujawahi kumuona hata akinunua vocha, umeibiwa, na hata kingekuwa na dhamira kumi bado umeibiwa.

Kuhusu wahusika bapa, hebu fikiria mashahidi watano, kila mmoja ana utoto wake mgumu na mawazo yake mazito kuhusu maisha, si tutakesha pale na maiti itaoza? Anayetakiwa awe mtu kamili ni mpelelezi. Mimi Bwana Msa namjua mpaka harufu ya kiko chake. Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar alitupa Bwana Msa kwenye Mzimu wa Watu wa Kale, kikashika nafasi ya kwanza kwenye mashindano ya kuandika hadithi ya East African Literature Bureau mwaka 1957-58, kikachapwa 1960. Yaani waamuzi wa enzi zile walishika hadithi ya upelelezi wakaona hii ndo ya kwanza, sasa mwalimu wetu ana haraka gani na nne yake.

Ila na wewe tisa yako naitilia shaka kidogo. Kumaliza haraka ni kitu kimoja, hata karanga za kwenye basi mtu anazimaliza haraka. Mimi huwa nasubiri wiki moja, halafu najiuliza nakumbuka nini. Kama nakumbuka tu kwamba nilikimbia, basi sita, saba. Kama bado nakiona kile kikombe cha chai hakijaguswa, tisa yako naipokea. Mkikutana tena ficheni namba kwanza, kila mtu aseme kitabu kilitaka kufanya nini, utashangaa ugomvi mwingi unaishia hapohapo.

Shangazi, babu yangu ametunga mashairi ya magazetini miaka mingi. Juzi nilimuonyesha shairi langu, halina vina wala mizani, nimeliandika kwa uchungu kweli. Akalisoma, akageuza karatasi nyuma, akaniuliza "shairi liko wapi?" Nimeumia. Hivi yeye ndo hajui au mimi? (Mjukuu, Tanga)

Pole sana, nimecheka lakini pole.

Ujue umeingia kwenye ugomvi uliokukuta duniani. Kaluta Amri Abedi alitoa kitabu chake cha sheria za kutunga mashairi mwaka 1954, kwa upande wake shairi ni kitu cha kuimbwa, lina vina, lina mizani, lisipoimbika halijawa. Halafu miaka ya 70 wakaja vijana wa chuo kikuu pale Dar, Kezilahabi akatoa Kichomi 1974, Mulokozi na Kahigi wakatoa Malenga wa Bara 1976, wakasema shairi laweza kusimama bila hivyo vitu. Ikawa vita, watu walirushiana maneno magazetini na kwenye makongamano, na wengine mpaka leo hawajasalimiana vizuri. Babu yako ni mtu wa vita hiyo, usimwambie amepitwa na wakati.

Ila na yeye mwambie, kwa adabu, kwamba vina na mizani peke yake havijawahi kuzaa shairi. Angalia ubeti huu nimeutunga sasa hivi nikisubiri maji yachemke:

*Elimu ni kitu chema, wanafunzi zingatia,*
*Someni mpate vyema, maisha kufurahia,*
*Asiyesoma si mwema, ujinga utamwingia,*
*Elimu ni kitu chema, wanafunzi zingatia.*

Hesabu mizani, yaani silabi, kwa vidole, nane kwa nane kila mshororo, vina vya kati "ma", vya mwisho "a", kibwagizo kipo, redioni wangeusoma bila shida. Na ni maiti. Angalia mshororo wa tatu, eti asiyesoma si mwema, nani kasema? Bibi yangu hakusoma hata siku moja na hajawahi kumnyima mtu maji. Mimi siamini hicho nilichoandika, nimeandika sababu nilihitaji neno linaloishia na "ma". Ukiona kina kimemburuta mtunzi mpaka akasema uongo, hapo shairi limeshindwa kwa sheria zake lenyewe. Fundi wa kweli wa vina unasoma huoni kama alitafuta, unaona kama vile hilo neno lilikuwa pale siku zote linamsubiri.

Sasa zamu yako. Lako lisilo na vina limejivua vazi, kwa hiyo kila kilichobaki kinaonekana. Fanya hivi, chukua shairi lako uliandike kama aya moja, toka ukingo huu wa karatasi mpaka ule, bila kukata mistari, halafu ulisome. Kama hakuna kilichopotea, babu ana haki, ile ilikuwa barua umeikata vipande. Kama kuna mahali unasikia pumzi imeibiwa, palepale ulipokuwa umekata mstari, basi shairi lipo na liko hapo. Uchungu wako sijauhesabu, samahani. Kila mtu ana uchungu, hata mimi kwenye maji yangu ya kuchemka.

Halafu usimpe karatasi tena. Watu wa rika lake wengi wanapokea shairi kwa sikio, ndo maana utenzi kama ule wa Mwanakupona wa mwaka 1858, mama anamuusia binti yake, ukiusoma kimyakimya kwenye simu unachoka beti ya kumi, ukisikia mtu anaughani unakaa mpaka mwisho. Kaa naye barazani, mwambie "babu naomba nikusomee," usome kwa sauti. Akikuuliza tena shairi liko wapi niandikie.

Habari za siku Shangazi, mimi niko Muscat nafanya kazi, jioni nasoma hadithi za mapenzi za kwenye simu, zile za "itaendelea". Dada yangu wa Temeke ananilipia, elfu mbili kwa sehemu kumi. Wenzangu wananicheka wanasema ile siyo fasihi ni umbea. (Msomaji wa Usiku)

Nzuri mama, nawe pole na kazi.

Umbea ni kipaji, waulize wao kama wanaweza kumfanya mtu asubiri siku mbili kujua nani kafungua mlango. Mtindo wa kukatia patamu ni wa zamani mno, Shahrazad kwenye Alfu Lela U Lela aliokoa shingo yake nao, kila kukipambazuka ananyamaza, mfalme naye anataka kujua kilichofuata. Kwa hiyo kukatiwa njiani si kosa. Kosa ni hili: sehemu ya 14 mume amefungua mlango kamkuta mkewe na shemeji, moyo wako uko kooni, unalipa, sehemu ya 15 kumbe alikuwa anaota. Hapo mwandishi kala hela yako. Mimi nikisoma hizo hadithi naangalia kitu kimoja, sehemu ikiisha kuna kilichobadilika ambacho hakiwezi kurudi nyuma? Siri imetoka, mtu kaondoka, pete imeuzwa? Kama kila sehemu inaisha kwa kelele halafu inayofuata inaanza kila mtu yuko palepale alipokuwa, acha kulipa.

Na kwenye mapenzi kuna swali moja zaidi, hawa wawili wangekaa chini dakika tano wakaongea, hadithi ingeisha? Kama ingeisha, basi wanaotenganishwa pale siyo wao, ni mwandishi kawashika mashati. Lakini kama wanaongea kila kitu na bado haiwezekani, sababu ya mama mkwe, sababu ya deni, sababu mmoja wao ni muoga kweli, hiyo ni hadithi, waache wacheke.

Shangazi, nilinunua Nagona ya Kezilahabi hapa Nairobi kwa muuzaji wa vitabu vya mitumba, nikaona ni kitabu chembamba nitamaliza wikendi. Nimekisoma mara mbili sielewi, hata sijui nani ni nani. Kwani mimi ni mjinga? (Mchovu, Nairobi)

Hapana bwana, wembamba ndo uliokudanganya, umewadanganya wengi. Mtu huyohuyo aliandika Rosa Mistika mwaka 1971 ambayo unaifuata kama unavyofuata jirani anakusimulia, halafu kufika 1990 akatoa Nagona na akaamua kuiacha barabara ya lami kabisa. Ukienda nayo kwa maswali ya riwaya ya kawaida, nani, wapi, lini, halafu ikawaje, utatoka mikono mitupu. Mimi mara ya kwanza niliiweka chini nikaenda kufua. Nilipoirudia nikaacha kuuliza "ikawaje", nikaisoma kama mtu anayesikiliza ndoto ya mwenzake, ukurasa mmoja mmoja kama shairi, kuna kurasa zikafunguka na zingine mpaka leo zimefungwa.

Lakini nikwambie ukweli, ugumu peke yake siyo sifa. Kuna waandishi wanaandika visivyoeleweka sababu wenyewe hawajaelewa. Kuwatofautisha chukua sentensi moja tu, siyo kitabu kizima, uitazame. Kama sentensi yenyewe iko safi, imekaa, unaiona picha hata kama hujui picha inakwenda wapi, mwandishi anajua anachofanya. Kama hata sentensi yenyewe ina ukungu, rudisha kwa muuzaji upate angalau nusu ya hela. Na kama umesoma mara mbili na hukupenda, hukupenda, hakuna askari.

Shangazi nimekuta riwaya kwenye begi la binti yangu wa kidato cha pili, ndani msichana anatembea na wanaume. Nikichane? (Mama, Mwanza)

Usichane, kitabu siku hizi ni bei. Hiyo Rosa Mistika niliyoitaja hapo juu ilipigwa marufuku mashuleni kwa sababu hizohizo, halafu baadaye ikaja kuwa kitabu cha kusomwa shuleni hukohuko. Mhusika kufanya jambo siyo mwandishi kulisifia. Kisome wewe kwanza mpaka mwisho, siyo ukurasa ule uliofunguka wenyewe, ndo umuulize binti anamuonaje huyo msichana. Jibu lake litakwambia zaidi ya begi.

Shangazi mimi nataka kuanza kutunga, nina mshororo mmoja tu: "Nakaa kibarazani, mvua inaninyeshea." Ni mzuri? (Kijana, Malindi)

Kipande cha kwanza kiko sawa, na-ka-a-ki-ba-ra-za-ni, nane. Cha pili nacho kiko sawa, mvu-a-i-na-ni-nye-she-a, nane, maana ile "m" ya mvua haihesabiwi peke yake.

Ila hilo dogo. Mimi nimekwama kwingine kabisa, mtu yuko kibarazani, chini ya paa, na mvua inamnyeshea yeye. Paa limeenda wapi? Nyumba ya nani hiyo, na kwa nini haingii ndani? Lete mishororo mitatu iliyobaki haraka.