Kisigino cha kijana wa miaka 11

Dada wa Jinja, umesema kijana wako wa miaka 11 kisigino kinamuuma na anachechemea kila akitoka mpira, mimi wangu alikuwa hivyohivyo nikakaa na sindano natafuta mwiba, kumbe hakuna mwiba. Mtoto wa miaka 8 mpaka 14 hivi, nyuma ya kisigino ana kipande cha mfupa bado kinakua, sasa mguu ukirefuka haraka ile kano nene ya nyuma inakaza na kuvuta palepale, weka na kukimbia pekupeku kwenye uwanja wa murram mgumu kama saruji, basi ndo hayo. Mbinye kisigino pande zote mbili kwa viganja, akiruka kwa maumivu ujue ni hapo. Apunguze mpira wiki kadhaa, barafu kwenye kitambaa dakika 15, na raba zenye soli nene (zile bapa za sokoni ni sawa na hana kiatu). Anyooshe kigimbi pia, asukume ukuta mguu mmoja nyuma, kisigino chini. Inaisha yenyewe mfupa ukikomaa. Ila akiwa na homa, kisigino kimevimba au kinamuamsha usiku, usingoje, mpeleke hospitali.